Tundu katika ukuta wa moyo baada ya shambulio: madaktari wanasubiri nini?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu huku Mafinga. Baba yangu ana miaka 64. Alibanwa na kifua akiwa shambani, tukadhani ni vidonda vya tumbo, na tukamfikisha hospitali siku ya tatu. Tuliambiwa ni shambulio la moyo. Siku ya sita alianza kuhema na kuvimba miguu, akahamishiwa Mbeya, na kipimo cha eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) kikaonyesha tundu la milimita 12 kwenye ukuta unaogawa vyumba vya chini vya moyo, karibu na ncha, pamoja na sehemu ya misuli iliyotutumka. Leo ni siku ya kumi na tisa. Yuko kwenye dawa, anaongea na anakula. Binamu yangu anasema matundu kama hayo siku hizi yanazibwa kupitia mishipa bila kupasua kifua, na ametutumia pia picha za kifaa kama mwavuli kinachowekwa kwenye sehemu iliyotutumka. Madaktari wanasema tusubiri kidogo. Wanasubiri nini? Tuuze shamba la miti tumpeleke India? Na akipona, atarudi kwenye kazi zake?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole sana kwa kuuguza. Binamu yako hakukudanganya: tundu linalotokea katika ukuta wa moyo baada ya shambulio linaweza, kwa baadhi ya wagonjwa, kuzibwa kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya mishipa ya damu bila kufungua kifua. Madaktari wa Mbeya nao hawakukosea kuwaambia msubiri. Wanachosubiri ni kingo za tundu zikomae kiasi cha kuweza kushika kifaa, na kila siku wanayosubiri wanapima kama mzee bado ana nguvu za kuifikia siku inayofuata. Mambo hayo mawili, ukomavu wa kingo na nguvu za mgonjwa, ndiyo yanayoamua karibu kila kitu katika ugonjwa huu. Mimi sijamwona mzee wala sijaziona picha za eko yake, kwa hiyo maelezo yangu yakusaidie kuwaelewa wanaomtibu na kuwauliza vizuri; yasiwe silaha ya kubishana nao.

Vyumba viwili vya chini vya moyo vimegawanywa na ukuta wa misuli. Chumba cha kushoto husukuma damu kwenda mwili mzima kwa shinikizo la takriban milimita 120 za zebaki, na cha kulia huipeleka kwenye mapafu kwa shinikizo la takriban 25 tu. Mshipa unaolisha ukuta huo ukiziba na usifunguliwe mapema, misuli hufa, na katika siku zinazofuata chembe nyeupe za damu huja kuila na kuiondoa ile misuli iliyokufa kabla kovu jipya halijajengwa. Kati ya siku ya tatu na ya tano, wakati mwingine ndani ya saa 24 za kwanza na wakati mwingine hadi wiki ya pili, ukuta huwa laini kuliko wakati wowote mwingine, huku shinikizo la upande wa kushoto likiendelea kuugonga kwa kila pigo. Ukipasuka, damu ambayo ilikuwa iende kwenye ubongo, figo na miguu hurukia upande wa kulia na kurudishwa mapafuni mara ya pili. Umekwisha kuuona mfereji wa kumwagilia vinyungu pale ukingo unapobomoka juu: aliyeko juu anaona maji mengi yanapita, na aliyeko chini anaona bustani yake inakauka. Mapafu ya baba yako yamejaa damu kupita kiasi, ndiyo maana alianza kuhema, na figo zake zinapata kidogo kuliko zinavyohitaji.

Tatizo hili si la kawaida. Kabla ya enzi ya dawa za kuyeyusha damu iliyoganda na ya kufungua mishipa kwa puto na stenti (kijibomba cha waya kinachouacha mshipa wazi), lilikuwa likiwapata mtu mmoja au wawili katika kila wagonjwa 100 wa shambulio la moyo. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa wa miaka ya 1990 ulioitwa GUSTO-I, ambao wagonjwa wake 41,021 wote walipewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, waliopata tundu walikuwa 84, yaani takriban 0.2%. Tofauti hiyo inatokana hasa na muda: mshipa ukifunguliwa mapema, misuli mingi haifi. Sikulaumu, mwalimu, wala simlaumu aliyewapa vidonge vya vidonda vya tumbo pale mwanzoni, kwa sababu maumivu ya chembe cha moyo na ya tumbo la juu hufanana kweli. Lakini huku kwetu nyanda za juu wengi wa wagonjwa wa aina hii ninaowapokea wamefika siku ya pili au ya tatu wakiwa na historia hiyohiyo, na ndiyo maana daktari wa hapa hana budi kulijua vizuri tatizo ambalo wenzake wa miji yenye kathlabu (chumba cha kutibu moyo kupitia mishipa) kila mtaa wanaweza kulikuta mara chache sana.

Kwa nini wasiendelee na dawa peke yake? Kwa sababu dawa huushusha mzigo wa moyo, lakini tundu hazilifungi. Katika utafiti huohuo wa GUSTO-I, kati ya waliotibiwa kwa dawa tu, 94% walifariki ndani ya siku 30, na kati ya waliofanyiwa upasuaji walifariki 47%. Nimesita kuziandika takwimu hizi kwa mtoto wa mgonjwa, lakini nimeona ni afadhali uzipate pamoja na maelezo yake. Waliopelekwa kwenye upasuaji hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Mara nyingi walikuwa wenye nguvu zaidi, kwa hiyo pengo lote hilo haliwezi kuhesabiwa kuwa ni kazi ya kisu. Zaidi ya hapo, baba yako ameishi siku kumi na tatu na tundu hilo akiwa anaongea na kula, na hali hiyo imeshamtoa katika kundi la wale ambao tundu huwaua katika siku za mwanzo. Inaonyesha kwamba mvujo wake, ingawa ni mkubwa, chumba cha kulia cha moyo kimeumudu mpaka sasa.

Sasa tuje kwenye kingo, ambazo ndizo kiini cha jambo. Daktari wa upasuaji Denton Cooley wa Texas ndiye aliyelishona tundu la namna hii kwa mara ya kwanza, mwaka 1956, na tangu wakati huo kila aliyefuata amekutana na shida moja: katika siku za mwanzo, kushona misuli iliyokufa ni kama kushona parachichi lililoiva kupita kiasi. Sindano inapita, uzi unapita, lakini ukiukaza unakata nyama yenyewe, na tundu la milimita 12 linaweza kuwa la 20 mezani pale pale. Baada ya wiki mbili hadi sita, nyuzinyuzi za kovu huwa zimeanza kujengeka kwenye kingo, uzi unashika, na kifaa cha katheta, yaani kinachopitishwa kwa mrija mwembamba ndani ya mishipa, nacho kinapata pa kukaa. Hesabu za upasuaji 2,876 zilizokusanywa Marekani kati ya 1999 na 2010 zinalionyesha hilo waziwazi: waliofanyiwa upasuaji ndani ya siku saba za shambulio walifariki 54.1%, na waliofanyiwa baada ya siku saba walifariki 18.4%.

Mtu akizitazama namba hizo kwa haraka atasema basi kila mgonjwa asubirishwe. Hapo ndipo hata madaktari wenye uzoefu hujikwaa, kwa sababu waliofariki wakiwa wanasubiri hawakufika kwenye meza ya upasuaji na kwa hiyo hawamo katika ile 18.4%. Kundi la waliochelewa ni kundi la waliojaliwa kuchelewa. Kusubiri kunampendelea mgonjwa aliyetulia tu, yule ambaye presha yake inasimama bila dawa za kuinyanyua, mkojo wake unatoka vizuri na figo zake hazishuki. Kwa anayeporomoka, kila saa ya kusubiri inamnyima nafasi, na hapo huamuliwa kushona au kuziba hata kama kingo ni mbichi, au kumwekea pampu ya puto ndani ya mshipa mkuu wa aota ili kuupunguzia moyo kazi kwa siku chache. Pampu hiyo huhitaji chumba cha wagonjwa mahututi kilichoizoea, kwa hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka mgonjwa awe karibu na kituo kikubwa kabla hajaihitaji.

Njia ya katheta ilianza kutumika kwa matundu ya aina hii mwishoni mwa miaka ya 1980, pale James Lock na wenzake wa Boston walipotoa taarifa, mwaka 1988, ya kuziba matundu ya ukuta wa vyumba vya chini kwa kifaa kilichokuwa kimebuniwa kwa kazi nyingine ya moyo. Vifaa vya sasa vimefumwa kwa nyaya nyembamba za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani ambao una tabia ya kulikumbuka umbo lake: ukiuvuta na kuuingiza ndani ya mrija mwembamba unanyooka, na ukiutoa upande wa pili unajikunjua kuwa visahani viwili vilivyounganishwa na kiuno kifupi. Ndani ya nyaya hizo kuna kitambaa cha poliesta kinachosaidia damu kuganda na kuziba vitundu vilivyobaki. Kile kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya tundu la baada ya shambulio kina kiuno chenye urefu wa milimita 10, kwa kuwa ukuta wa moyo wa mtu mzima ni mnene kuliko wa mtoto aliyezaliwa na tundu, na upana wa kiuno chake unaishia milimita 24.

Kazi yenyewe hufanyika mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa, chini ya mashine ya eksirei inayoonyesha picha zinazotembea, huku daktari mwingine akiutazama moyo kwa kipimo cha eko kilichopitishwa kwenye umio. Waya mwembamba huingizwa kupitia mshipa wa ateri kwenye kinena, hupandishwa hadi chumba cha kushoto cha moyo, kisha huongozwa upite kwenye tundu kwenda upande wa kulia. Huko hunaswa kwa kitanzi kilichoingizwa kupitia mshipa mkubwa wa vena shingoni na kuvutwa nje, hivi kwamba waya mmoja sasa unaingia kinenani, unavuka tundu na kutokea shingoni. Waya huo ndio reli. Mrija wenye kifaa hupitishwa juu yake kutoka shingoni, huvuka tundu, na kisahani cha kwanza hufunguliwa ndani ya chumba cha kushoto. Hapo daktari huvuta taratibu mpaka kisahani kiegemee ukuta, hufungua kiuno ndani ya tundu lenyewe, kisha kisahani cha pili upande wa kulia. Kabla ya kukiachia hukitikisa kidogo na kutazama kwenye eko kama kinabana na kama hakijagusa vali, kwa kuwa mpaka wakati huo bado kinaweza kurudishwa ndani ya mrija na kutolewa. Ukimwona daktari ametoka jasho baada ya kazi hii, jua mara nyingi ni kile kivuto cha mwisho kilichomtoa jasho, maana ndicho kinachoonyesha kama kingo ni kovu au bado ni parachichi.

Kwa nini binamu asiseme basi kila tundu lizibwe hivyo? Kwa sababu si kila tundu linafaa. Mshipa wa mbele wa moyo ukiziba, tundu hutokea karibu na ncha, na mara nyingi huwa tundu moja lililonyooka. Ule wa chini ukiziba, tundu hutokea nyuma, karibu na vali, mara nyingi likiwa limepinda ndani ya ukuta kama njia ya mchwa, na chumba cha kulia huwa nacho kimeumia. Wagonjwa wenye tundu la nyuma matokeo yao ni mabaya zaidi, kwa katheta na kwa upasuaji. La baba yako liko karibu na ncha, na hiyo ni habari nzuri. Upana wake nao ni wa kuangaliwa kwa makini. Wengi katika fani hii hupendelea kuziba kwa katheta matundu yasiyozidi milimita 15 katika kipindi cha mwanzo, na kwa kuwa kingo zinaendelea kumomonyoka, huchagua kifaa chenye kiuno cha upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa tundu. Kwa tundu la 12, hiyo ni kati ya 18 na 24. Unaona basi kwamba mzee yuko ndani ya kipimo, lakini hana nafasi kubwa iliyobaki juu yake: likipanuka hadi 17 au 18, kifaa kikubwa kuliko vyote huenda kisitoshe, na mazungumzo yatarudi kwenye upasuaji wa kufungua kifua. Ndiyo maana ningeuliza eko irudiwe kila baada ya siku chache, na ningemwomba anayepima aandike upana katika pande mbili tofauti, kwani matundu haya ni nadra kuwa duara.

Matokeo yake ni ya kutia moyo kwa kiasi. Katika wagonjwa 53 wa Uingereza waliotibiwa kwa katheta kati ya 1997 na 2012, kifaa kiliwekwa kwa mafanikio kwa 89% yao, lakini tundu lilizibika kabisa papo hapo kwa 23% tu. Kwa 62% mvujo ulipungua bila kwisha. Waliotoka hospitali wakiwa hai walikuwa 58%. Baadaye Waingereza walikusanya wagonjwa 362, wa kisu 231 na wa katheta 131, na vifo vya hospitalini vilikuwa 44.2% kwa kisu na 55.0% kwa katheta. Wa katheta walikuwa wazee zaidi, na huenda baadhi yao ni wale ambao daktari wa upasuaji alikuwa amewakataa, hivyo namba hizo hazithibitishi kwamba kisu ni bora kwa kila mtu. Ila zinatosha kuivunja imani, ambayo naisikia sana, kwamba kwa kuwa kifua hakifunguliwi basi hatari imekwisha. Mimi binafsi, nikiwa na mgonjwa mwenye nguvu, tundu kubwa na mishipa mingine inayohitaji kupandikizwa, humpeleka kwa mpasuaji. Nikiwa na mgonjwa mwenye tundu dogo kwenye ncha, aliyevuka wiki mbili au tatu, na ambaye mapafu au figo zake zinatia shaka kwa upasuaji mkubwa, katheta huitanguliza. Kwa namna ulivyoeleza, mzee anaelekea kundi hili la pili, lakini uamuzi ni wa jopo litakalomwona.

Kuna madhara ambayo familia huwa haiambiwi mapema. Kifaa kinaweza kuchomoka na kusafiri kwenye mshipa. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Na damu inayopita kwa kasi kwenye mvujo mdogo uliobaki inaweza kuzipasua chembe nyekundu, mgonjwa akaanza kukojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi na kupauka. Hali hii ya mwisho mara nyingi hutulia kadiri kifaa kinavyofunikwa na utando wa mwili wenyewe, ila isipotulia hulazimu kuongeza kifaa cha pili au kushona. Kubwa kuliko yote kwa baba yako ni lile umbo lililotutumka. Ndani ya sehemu ya namna hiyo damu hulala na kuganda, na katheta ikiligusa bonge hilo inaweza kulipeleka kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Swali la kwanza ambalo ningewauliza waliofanya eko ni kama wameikagua ncha mahususi kutafuta bonge la damu, na kama hawakuiona vizuri, kama kuna namna ya kuipima tena kwa dawa ya kung'arisha picha au kwa sitiskani.

Kuhusu mwavuli. Kifaa hicho kilikuwepo kweli: kiliitwa Parachute, kilipitishwa kupitia mshipa wa kinena na kufunguliwa ndani ya chumba cha kushoto ili kuitenga ile sehemu iliyotutumka isiendelee kubeba damu bure. Wazo lilipendeza, na picha zake bado zinazunguka kwenye simu, lakini jaribio kubwa lililokusudiwa kukithibitisha lilikatishwa kabla ya kukamilika, na hakipatikani sokoni. Hata upasuaji wa kuikata sehemu hiyo na kuupunguza moyo, ulipopimwa kwa wagonjwa 1,000 katika utafiti wa STICH uliochapishwa 2009, haukupunguza vifo wala kulazwa hospitali ukilinganishwa na upandikizaji wa mishipa peke yake. Kwa hiyo sehemu iliyotutumka itibiwe kwa dawa za kushindwa kwa moyo, na kwa dawa ya kuzuia kuganda kwa damu ikiwa bonge limeonekana. Jambo moja tu lihakikishwe: kwamba huo ni mtutumko wa kweli wenye ukuta wa kovu, na kwamba si ukuta wa nje uliopasuka na kuzuiliwa na utando unaouzunguka moyo, maana huo wa pili huweza kupasuka wakati wowote na hushughulikiwa haraka.

Msiuze shamba wiki hii. Kabla ya India kuna Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ina mitambo ya kathlabu, wapasuaji wa kufungua kifua, na uzoefu wa kuziba kwa katheta matundu ambayo watoto huzaliwa nayo. Picha zisafiri kabla ya mgonjwa. Ombeni hospitali ya Mbeya itume video za eko zenyewe pamoja na majibu yaliyoandikwa, kipimo cha umeme wa moyo, vipimo vya figo na wingi wa damu, na orodha ya dawa, kisha daktari wake azungumze na daktari wa huko na kuuliza maswali mawili ya moja kwa moja: je, jopo linaliona tundu hili kuwa linazibika kwa katheta, na je, kifaa cha kiuno cha milimita 18 hadi 24 kipo stoo au itabidi kiagizwe na kitachukua siku ngapi? Jibu la swali la pili linaweza kuamua safari yote. Mishipa ya moyo nayo itahitaji kupigwa picha kwa rangi inayodungwa ndani yake, na kwa kuwa rangi hiyo inazielemea figo, figo zilizotulia ni mtaji msiouchezea.

Safari isiwe ya basi. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, pamoja na kona za Kitonga, na mgonjwa anayetegemea dawa za kupunguza maji hapaswi kukaa saa kumi na mbili kwenye kiti bila oksijeni karibu. Kama madaktari wataridhika na hali yake, ndege kutoka Songwe, akiwa na muuguzi na oksijeni iliyoandaliwa na shirika la ndege mapema, inampunguzia sana taabu. Kama atakwenda kwa gari, liwe la wagonjwa lenye mhudumu. Habari za gharama anzeni nazo kwa bima yake, na kama hana, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali leo, kwa sababu makaratasi ya huko huchukua siku ambazo mnaweza kuzihitaji.

Hapo kitandani mna kazi yenu pia. Apimwe uzito kila asubuhi kwa mzani uleule. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili au tatu, maji yanarudi, na daktari aambiwe siku hiyohiyo. Akishindwa kulala chali aliyokuwa anaimudu jana, mkojo ukipungua, mikono ikiwa baridi yenye jasho, au akianza kuchanganya maneno, msingoje raundi ya asubuhi, kwa kuwa hizo ndizo dalili kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Akiumwa mgongo au magoti, asipewe diklofenaki wala ibuprofeni kutoka duka la dawa. Zinabana figo, zinazuia maji kutoka, na zinaweza kulidhoofisha kovu lenyewe tunalolisubiri. Dawa za miti nazo ziwekwe pembeni, hata zile alizozizoea miaka yote, kwani sijui zina nini na figo zake hazina akiba. Chumvi ipunguzwe sana. Ulanzi asiuguse, hata ule mtamu wa asubuhi ambao wazee wetu hawauhesabu kuwa ni pombe.

Kuhusu kurudi kazini, tundu likizibwa mzee atapumua vizuri zaidi, lakini nguvu zake za baadaye zitategemea misuli iliyobaki hai, ambayo kifaa hakiwezi kuirudisha. Baada ya kuzibwa atatumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, na kwa muda wa angalau miezi sita, au zaidi kama mvujo utabaki, kila daktari wa meno atakayemng'oa jino aambiwe kwanza kwamba kuna kifaa moyoni, ili apewe antibayotiki kabla. Eko irudiwe kabla hajaruhusiwa, kisha mwezi wa kwanza na wa tatu. Shambani anaweza kwenda mapema, akae kivulini, akague miti na kuwaelekeza vijana. Kupanda miteremko ya Mufindi akiwa na panga, na kubeba magogo, mimi nisingemruhusu mpaka niione ile eko ya mwezi wa tatu.